Nilifumua Mguu wa Wifi Yangu

Wifi yangu anashona, mimi nafumua. Ndivyo tulivyogawana kazi kwa miaka kumi na miwili. Yeye ni mke wa kaka yangu. Kibanda chetu kina cherehani moja ya kukanyaga, meza ya kukatia, pasi na benchi la wateja. Tunashona sare za shule. Kola ikikaa upande, mfuko ukipinda, nguo inaletwa kwangu. Nachukua wembe, nakata uzi mmoja mmoja, navuta. Nikimaliza huwezi kujua kama kitambaa kiliwahi kushonwa. Watu wananiita Mama Wembe.

Nasema haya mapema ili ujue kwamba kazi yangu naijua. Ujinga wangu ulikuwa kwenye jambo jingine. Na ujinga huo nusura umkoseshe wifi yangu kidole.

Mguu wake wa kulia ulimsumbua miaka mingi. Chini ya kidole gumba, upande wa ndani, mfupa ulianza kutokeza. Mwanzo ulikuwa kama punje. Baadaye ukawa nundu. Kidole gumba chenyewe kikalala juu ya mwenzake, kama mlevi anayeegemea ukuta. Viatu vyote vilimbana. Akachukua mkasi, akatoboa kiatu pembeni ili nundu ipate pa kutokea.

Mimi mdomo ninao. Nilimtania kila asubuhi.

"Wifi, naona mgeni wako ameshafungua dirisha."

"Amefungua akutazame wewe, mvivu," ananijibu, huku anakanyaga cherehani.

Tulicheka. Lakini ikifika mchana kicheko kilikwisha. Alikanyaga kwa kisigino tu. Jasho lilimtoka, na halikuwa jasho la joto. Siku moja aliinamisha kichwa juu ya cherehani akalia. Siku hiyo kaka yangu akasema, "Basi. Twende hospitali."

Daktari wa mifupa alipiga picha ya mguu. Akatuonyesha.

"Mfupa huu umekwenda upande," alisema. "Dawa za maumivu hazitaurudisha. Tutaukata kidogo, tutaunyoosha, tutaushika na skrubu. Kisha tutashona ngozi."

"Utaacha kovu?" wifi aliuliza.

"Kovu litakuwepo. Urefu wa kidole chako cha mkono, hivi."

Wifi akafunua bega. Ana kovu la jipu la utotoni. Lile jipu lilikuwa dogo, lakini kovu lilivimba likawa nene na gumu, likapita hata ukubwa wa kidonda.

"Umefanya vizuri kunionyesha," daktari akasema. "Ngozi za watu wengine hupona hivyo, kwa kuvimba. Siwezi kukuahidi kwamba mguuni haitatokea. Ila kovu likianza kunyanyuka, uje mapema. Dawa zipo."

Wifi alitikisa kichwa kukubali. Lakini mimi namjua. Kuanzia pale hakuwaza mfupa tena. Aliwaza kovu.

Upasuaji ulikwenda salama. Siku ya kutoka, nesi wa vidonda alikuja na kiatu cha ajabu, kipana, chenye soli ngumu kama ubao. Wagonjwa wanamwita nesi huyo Mama Bandeji. Miwani yake inaning'inia kifuani kwa kamba. Hana maneno mengi, na akisema hacheki.

"Hiki ndicho kiatu chako kwa wiki sita," alisema. "Kanyaga kwa kisigino. Ukikaa, mguu uwe juu ya mito, juu kuliko kifua chako. Bandeji isilowe. Msiifungue. Siku ya kumi na nne rudini hapa, nitatoa nyuzi mimi mwenyewe. Mkiona maumivu yanazidi badala ya kupungua, au joto, au harufu, au maji yanatoka, msingoje siku hiyo. Mje."

"Tumesikia, Sista," tulisema kwa pamoja.

Kweli tulisikia. Lakini kusikia si kushika.

Siku ya tisa, asubuhi, nilikwenda kumjulia hali. Kaka yangu ni dereva wa lori, na siku hiyo alikuwa safarini. Nilimkuta wifi amekaa kitandani, bandeji iko pembeni, ameifungua.

"Ala! Wifi, si tumeambiwa tusifungue?"

"Njoo uone kwanza."

Nikaona. Mshono ulikuwa mrefu, umenyooka. Nyuzi nyeusi, kila moja na fundo lake. Ngozi ilikuwa imevimba kidogo, na nyuzi zilikuwa zimezama ndani ya ule uvimbe.

"Zinanikata," alisema. "Zikikaa hapo siku nyingine tano zitaniachia alama kama ngazi. Wewe mwenyewe si unajua? Uzi wa kushikiza ukisahaulika kwenye kitambaa kizuri, unaacha alama, hata upige pasi mwaka mzima."

Hilo ni kweli. Kwa kitambaa, ni kweli kabisa.

"Lakini nesi alisema siku kumi na nne."

"Nesi ana wagonjwa mia. Mguu wangu mimi yeye utamhusu nini? Tazama, pameshashikana. Na wewe una mkono mwepesi kuliko yeye. Hakuna mtu mjini hapa anayetoa uzi kama wewe."

Jamani, sifa ni tamu. Mtu akitaka nifanye upumbavu, anisifie mkono wangu tu.

Nilikwenda kibandani nikachukua wembe. Wembe uleule wa kola na mifuko. Niliuosha kwa sabuni, nikaupitisha kwenye moto wa kiberiti. Nikajiona daktari. Wifi aliuma kitambaa. Nikakata, nikavuta. Nikakata, nikavuta. Nyuzi zilitoka vizuri, mpaka nilipofika katikati ya mshono. Uzi mmoja pale ulikatika. Upande wenye fundo ulitoka. Upande wa pili ulizama ndani.

Kwenye kitambaa ningeufuata mpaka niupate. Kwenye mguu wa mtu niliona tone la damu nikaogopa. Nikajiambia, ni kipande kidogo tu, kitatoka chenyewe.

"Tayari?" wifi aliuliza.

"Tayari," nilisema.

Nyuzi nilizikunja kwenye karatasi nikatupa. Sikumwambia neno juu ya kile kipande.

Kesho yake alikuja kibandani, amevaa soksi na ndala. Kile kiatu cha hospitali alikiacha nyumbani.

"Wifi, rudi ukalale," nilimwambia.

"Nyuzi zimetoka, maana yake nimepona. Sare za watu zinangoja."

Akakaa, akaanza kukanyaga. Alikanyaga mpaka adhuhuri. Kisha akasimamisha cherehani.

"Wifi, mbona soksi yangu ina maji?"

Hayakuwa maji. Tulivua soksi. Mshono ulikuwa umeachia, umefunguka kama mdomo, na ndani pekundu. Wifi hakupiga kelele. Alinishika mkono akaniminya mpaka kucha zikaingia.

"Usimwambie kaka yako," alisema. "Usimwambie mtu. Niapie."

"Wifi, twende kwa Mama Bandeji sasa hivi."

"Tukamwambie nini? Kwamba tumecheza na mguu? Atatufukuza. Patajifunga penyewe. Niapie!"

Nikaapa. Hilo lilikuwa kosa la pili, na lilikuwa baya kuliko la kwanza.

Tulinunua plasta dukani tukabandika. Alimeza dawa za maumivu. Siku ya kumi na moja mguu ulivimba. Siku ya kumi na mbili aliniambia unapwita, hawezi kulala. Siku ya kumi na tatu nilifungua kibanda, wifi akaingia nyuma yangu, nikasikia harufu. Nikadhani panya amefia ndani. Nilihamisha marobota ya vitambaa, nikasogeza meza, nikafagia kila pembe. Panya sikumwona. Wifi alikaa kwenye benchi la wateja, amejifunika shuka na jua linawaka, anatetemeka. Nikainama kuchungulia chini ya benchi. Ndipo nilipojua harufu inatoka wapi.

Wazee walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Letu halikuvunjika. Lilikuwa linaoza.

Tulikodi gari. Mama Bandeji alimvua soksi, akavaa miwani. Kidonda kilijaa usaha. Ngozi ya pembeni ilikuwa imeiva, inang'aa, na ukiigusa ina moto.

"Nyuzi ziko wapi?" aliuliza.

"Zilitoka zenyewe," wifi alijibu.

"Uzi wenye fundo hautoki wenyewe."

"Zilitoka, Sista. Nilikuwa natembea, zikaachia."

"Zote?"

"Zote."

Mama Bandeji akanitazama mimi. Mimi nikatazama ukutani. Palikuwa na picha ya mikono inayonawa. Niliisoma ile picha kutoka juu mpaka chini, mara tatu.

Walimlaza siku sita. Walimsafisha kidonda, na vilio vyake nilivisikia nikiwa nje mlangoni. Walimchoma sindano za kuua vijidudu. Homa ikashuka, uvimbe ukapungua. Wakamruhusu, awe anarudi kila siku kusafishwa. Kaka yangu aliporudi safari alikuta mkewe amekonda, macho yameingia ndani. Tukamwambia uongo uleule.

Kidonda kikaanza kujaa nyama, juu na chini. Lakini katikati palibaki tundu dogo, kama la sindano. Kila siku lilitoa usaha. Wiki ikapita, halafu ya pili. Daktari akapiga picha nyingine ya mfupa, akatuita.

"Sipendi ninachokiona," alisema. "Kuna kitu kinaulisha usaha huu. Nakupa wiki moja. Usipokoma, nitafungua tena. Na nikikuta umeingia mfupani, mama, itabidi tuondoe kidole."

"Kidole gumba?"

"Ndiyo."

Wifi hakulia pale. Tulipofika nyumbani alikaa mlangoni akanyoosha mguu, akakitazama kidole.

"Nilikataa alama ya uzi," alisema. "Sasa nitakatwa kidole. Nitatembeaje? Nitakanyagaje cherehani, wifi?"

Mimi nilikuwa najua kitu kimoja ambacho yeye hakukijua, na daktari hakukijua. Nilijua ni uzi gani uliokatika, na umekatikia wapi. Nililijua jambo hilo kwa siku ishirini na tisa. Wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Na mimi maradhi niliyoyaficha hayakuwa hata yangu.

Kesho yake sikufungua kibanda. Nilikwenda moja kwa moja kwa Mama Bandeji, kabla wagonjwa hawajajaa.

"Sista," nilisema, "nyuzi nilizitoa mimi."

Aliacha kukunja shashi za kufungia vidonda.

"Ulizitoa na nini?"

"Na wembe."

"Wembe upi?"

"Wa kufumulia nguo."

"Mama mzima!" Sauti yake ilipanda mpaka mfagiaji akageuka. "Una macho, una akili, unaingiza wembe wa sare za watoto kwenye mguu uliotiwa skrubu! Na nilipouliza ulikuwa wapi? Si ulisimama hapohapo ukasoma ukuta?"

"Nilikuwepo, Sista."

"Siku ngapi baada ya kushonwa?"

"Tisa. Aliogopa nyuzi zitamwachia alama kama za kitambaa."

Mama Bandeji alivuta pumzi. Akakaa. Nilidhani ataendelea kunikaripia, lakini alipoanza tena sauti ilikuwa ya chini.

"Sikiliza. Kitambaa hushikwa na uzi mpaka kichakae. Hakijui kujishika chenyewe. Ngozi ni tofauti. Uzi unaishika kwa siku chache tu, ili ngozi ipate nafasi ya kujishika yenyewe. Juu hufunga haraka, unaona pamekauka, unadhani kazi imekwisha. Kumbe chini bado ni pabichi. Ukitoa uzi wakati huo, nani kapashika? Hakuna. Akikanyaga tu, panaachia, na uchafu una njia ya kuingia."

"Na alama za uzi, Sista? Si hubaki kweli?"

"Hubaki, uzi ukikaa kupita siku zake. Ndiyo maana tunakupa tarehe. Mguu hupona polepole kuliko uso, kwa sababu uko mbali na moyo na unabeba mwili mzima. Tarehe ya mguu si ya kukisia. Na kovu baya kuliko yote ni la kidonda kilichofunguka. Sasa niambie, zote zilitoka?"

"Mmoja ulikatika. Kipande kilizama."

Akasimama. Akaleta faili.

"Daktari ameandika nyuzi kumi na moja. Uliokatika ni upi? Onyesha."

Nilivua kiatu nikagusa mguu wangu mwenyewe, katikati, chini kidogo ya kifundo cha kidole.

"Hapo ndipo panapovuja," Mama Bandeji alisema. "Nenda kamlete. Leo hii."

Nilimkuta wifi bado amelala. Nikamweleza yote, hata la kile kipande. Nilisimama mlangoni, maana niliogopa kusogea.

"Uliniapia," alisema.

"Niliapa, na nimevunja. Kiapo kikivunjika hakitoi usaha."

"Na ulijua kuna uzi umebaki? Siku zote hizi unanitazama nalia, unajua?"

"Nilijua."

Ndani ya gari aligeukia dirishani. Mgongo wake uliniumiza kuliko matusi, na matusi nilistahili.

Daktari alimchoma ganzi, akapanua lile tundu, akaingiza kibano. Haikuchukua muda. Akatoa kitu chembamba, kimelainika, rangi ya usaha, urefu wake kama punje ya mchele. Mama Bandeji akakiweka juu ya shashi nyeupe akaniletea.

"Tazama kazi yako," alisema.

Nikatazama. Kisha nikatoka nje nikatapika.

Daktari aliosha ndani, akachunguza mfupa. Skrubu ilikuwa imara. Mfupa ulikuwa haujaguswa bado. "Mngengoja ile wiki niliyowapa," alisema, "nisingeahidi kitu."

Jioni ile nilimweleza kaka yangu ukweli wote, akataka kuuona wembe. Nilimpa. Aliugeuza upande huu, akaugeuza upande ule. Una kutu kidogo kwenye pembe, nami sikuwahi kuiona.

"Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole," alisema. "Nyinyi wote wawili. Na mimi nilikuwa barabarani najua mke wangu yuko na dada yangu, yuko salama."

Akauweka mezani, akatoka. Kaka yangu si mtu wa kelele. Afadhali angepiga kelele.

Kuanzia hapo usaha ulipungua. Siku ya nne ulikoma. Lakini kidonda hakikushonwa tena. Mama Bandeji alisema kijae chenyewe kutoka chini kuja juu, hata kama kitachelewa. Mtu wa nyumbani alitakiwa kujifunza kukisafisha. Wifi alimchagua mumewe. Mimi hakutaka nimguse. Kaka yangu, mwenye mikono ya kushika usukani, alijifunza kunawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko, kumwaga maji ya chumvi ya hospitali, kufunika kwa shashi safi bila kugusa katikati. Mimi nilisimama mlangoni nikishika beseni.

Safari ikamfikia, akaondoka. Asubuhi ile niliketi chini, miguuni pa kitanda, na beseni langu. Wifi alinitazama kwa muda. Kisha akainyanyua ile miguu, akaweka mmoja juu ya mapaja yangu. Ule wa kulia.

"Fanya," alisema. "Lakini ukiona uzi, uuache."

Sikujua nicheke au nilie. Nililia.

Kidonda kilifunga baada ya wiki saba. Tulipokwenda, Mama Bandeji alikikagua pote, akabonyeza, akanusa.

"Kimefunga. Hakuna unyevu, hakuna kigaga. Sasa ndipo kazi ya kovu inaanza, na mkiifanya kabla ya kufunga mnaharibu. Tieni mafuta ya kawaida, yasiyo na manukato. Bonyeza kwa kidole gumba cha mkono, zungusha, kisha peleka juu na chini, kwa dakika tano, asubuhi na jioni. Ngozi isogee juu ya mfupa, isigande. Jua lisilipige kovu mwaka huu, litazidi kuwa jeusi. Vaa soksi."

"Linaniwasha," wifi alisema. "Na pembeni hapa sisikii kitu, kama si mguu wangu."

"Kuwasha ni kawaida, usikwaruze. Ganzi hiyo inaweza kuondoka baada ya miezi, inaweza kubaki kidogo. Jioni mguu utavimba, hata kwa mwaka. Hilo lisikutishe. Utishike ukiona joto, maji au maumivu mapya. Na kovu likinyanyuka kama lile la begani, njoo. Usije na fundi."

Wifi akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu siku ya tisa.

Lakini kidole kiligoma. Kwa kuwa kilikaa muda mrefu bila kazi, kilikakamaa kama kigingi. Daktari alisema mfupa umeshika vizuri, nundu haipo tena, ila kidole kikibaki hivyo hataweza kukanyaga cherehani siku nzima. Akatuonyesha la kufanya. Nikishike kidole, nikikunje taratibu, nikinyooshe. Kisha niweke kiganja chini yake, naye ajaribu kunisukuma.

Mama Bandeji naye aliniita pembeni. Alitaka kila Jumatano, siku ya wagonjwa kuruhusiwa, nije nisimame mbele ya benchi niwaeleze nilichofanya. Nikamwambia naona aibu. "Vizuri," alisema. "Uje nayo." Ndiyo maana unanisikia leo. Nimeshakwenda Jumatano nyingi. Juzi mama mmoja alifungua mkoba wake mbele yangu, akatoa kibano cha nyusi, akakirudisha chini kabisa bila kunitazama.

Nyumbani tuliendelea. Asubuhi na jioni, mafuta, kuzungusha, kukunja. Kovu la juu na chini limelainika, limekuwa mstari mwembamba. Katikati, pale nilipopoteza uzi, ni pana kama ukucha, peusi, na pamebonyea. Hilo halitaondoka. Wifi alihofia ngazi, akapata shimo. Nikiweka mkono hapo kila siku naumia, na nadhani ananiacha niweke kwa makusudi.

Miezi mitatu kidole hakikufanya kitu. Niliweka kiganja, yeye akakunja uso, akajikaza mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Kiganjani sikusikia lolote.

"Kimekufa," alisema siku moja.

"Hakijafa. Kingekufa kingekuwa baridi. Tena."

"Nimechoka, wifi."

"Mimi sijachoka. Tena."

Mwezi wa nne ulianza hivyohivyo. Kazi ya sare tulimpa fundi wa jirani, na cherehani yetu ilifunikwa shuka. Jumatatu moja niliketi chini kama kawaida. Nikatia mafuta, nikazungusha, nikakunja mara kumi, nikaweka kiganja.

"Sukuma."

Akasukuma. Sikusikia kitu. Nikafungua mdomo niseme tena, na hapo nikasikia. Kitu kidogo, kama mtoto anayegusa mkono wa mama yake gizani. Kidole kilibonyeza kiganja changu, kikaachia, kikabonyeza tena.

Tulitazamana. Macho yake yalikuwa yamejaa.

"Umekisikia?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Nimekisikia, wifi."

Akajifuta machozi kwa mgongo wa mkono. Kisha akanikazia macho.

"Sijakusamehe bado."

"Najua."

"Basi usiondoe mkono," alisema, akasukuma tena.